Hawala ya Sembène Haijafika Zuzu

Mwaka 1980 shirika la Tanzania Publishing House lilitoa mchezo wa kuigiza uitwao Hawala ya Fedha. Mwandishi wake, Ndugu Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuchota katika hadithi ya Msenegali Ousmane Sembène, mtunzi wa riwaya na mtengenezaji wa filamu, aliyefariki dunia mjini Dakar tarehe 9 Juni 2007. Tunamkumbuka marehemu huyo tukiwa hapa Zuzu, kata iliyo ndani ya Jiji la Dodoma, kwa kuwa mtu wa hadithi yake tumemwona kwa macho yetu akiwa kwenye foleni.

Mtu huyo ni Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, asiyejua kusoma, mwenye wake wawili na watoto wengi. Mpwa wake anayefagia barabara za Paris amempelekea hawala ya faranga 25,000: 2,000 zake, 3,000 za mama wa kijana, na 20,000 za kuwekwa akiba. Posta wanataka kitambulisho. Ofisi ya vitambulisho inataka cheti cha kuzaliwa na picha. Ofisi ya vyeti inataka tarehe, naye Dieng anajua mwaka tu, tena kwa kukisia. Huku nyuma majirani wamekwisha kusikia habari za fedha, wake wamekopa mchele dukani, na kila mwenye shida anabisha hodi. Mwishowe ndugu msomi anajitolea kumchukulia hawala hiyo, kisha anarudi na gunia la mchele na maneno kwamba fedha zimeibwa.

Siku moja tulimsindikiza mzee wa hapa Zuzu kwenda mjini, kwenye ofisi ambayo hatutaitaja. Mjukuu wake alitaka kumtumia fedha kwa simu, lakini laini ya mzee haikuwa imesajiliwa, kwa kuwa hakuwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Karani alimwuliza tarehe ya kuzaliwa. Mzee alijibu kwa adabu kwamba baba yake alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kuu iliyoikumba Ugogo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa mwaka ambao ng'ombe walikufa kwa wingi. Karani alitaka siku, mwezi na mwaka. Tulirudi jioni bila kitu. Hatusemi kwamba karani yule alikuwa mtu mbaya. Fomu yake haikuwa na nafasi ya kuandika ng'ombe.

Sembène aliwajua watu wa namna hii kwa sababu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mtoto wa mvuvi. Shule aliiacha mapema baada ya kugombana na mwalimu mkuu; akawa mwashi, akawa fundi, akapelekwa vitani katika jeshi la Wafaransa, kisha akabeba mizigo katika bandari ya Marseille. Huko bandarini ndiko alikojifunza uandishi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1956. Ile ya mwaka 1960, inayosimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger wa mwaka 1947 na 1948, ilimpa jina kubwa duniani.

Lakini jina hilo halikumridhisha. Riwaya zake ziliandikwa kwa Kifaransa, na wale alioandika habari zao hawakuweza kuzisoma. Basi mtu huyu, akikaribia umri wa miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza kupiga filamu. Aliiita sinema shule ya usiku. Mwaka 1968 hadithi ya Dieng ikawa filamu, Mandabi, filamu ndefu ya kwanza ya Afrika Magharibi kusema lugha ya wenyeji, yaani Kiwolofu; ingawa waliotoa fedha Ufaransa walimlazimu apige pia nakala ya Kifaransa. Serikali ya nchi yake haikumpenda siku zote. Filamu yake Ceddo ya mwaka 1977 ilizuiwa Senegal, na sababu iliyotolewa ni kwamba jina hilo liandikwe kwa d moja badala ya mbili. Maafisa wanaotusoma watakubali kwamba hata sisi tumepata kuona sababu za aina hiyo.

Wenzetu wa Visiwani wamemtendea haki zaidi yetu. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, limewahi kutoa tuzo yenye jina la Sembène, tena halikuishia Ngome Kongwe: limepeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba. Bara tulikuwa na magari ya sinema ya Serikali, na wazee wa mkoa huu wanayakumbuka. Magari hayo hayaji tena.

Iko filamu moja ambayo tungependa ije kwanza. Ni Moolaadé ya mwaka 2004, ambayo Sembène aliipiga katika kijiji cha Burkina Faso akiwa na umri wa miaka 80. Wasichana wanne wanakimbia kukeketwa na kumwangukia mama mmoja; naye anafunga kamba mlangoni pake, na kwa mila yao hakuna awezaye kuivuka. Wanaume wanakusanya redio za wanawake na kuzichoma moto. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba mkoani Dodoma karibu nusu ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Sheria inayokataza jambo hili kwa wasichana walio chini ya miaka 18 ipo tangu mwaka 1998. Mabango yake tumeyaona. Mama yule na kamba yake, hapa Zuzu, hatujamwona.

Tunaiomba Halmashauri ya Jiji, na tunawaomba ndugu zetu wa Visiwani wenye ujuzi wa kazi hii, wakae pamoja wapange. Umeme upo na ukuta wa shule upo. Inatakiwa mashine ya kuonyeshea, shuka jeupe, na mtu wa kufasiri maneno kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Usiku wa pili ionyeshwe Mandabi, na viti vya mbele wapewe makarani.