Doudou na Mama Wakwe Wawili

Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou, sauti hazikuwa za waigizaji wenyewe. Kilichotushika akina mama wa Jangwani ni uso wa Hai Qing. Doudou ni muuguzi aliyeolewa na kijana ambaye wazazi wake wameachana, hivyo ana mama mkwe na pia mke wa baba mkwe, wote wakitaka heshima. Hai Qing hamfanyi mkorofi wala malaika (rahisi hayo!): anameza jibu, anatabasamu, macho yanasema alichomeza. Sisi wauguzi tunalijua tabasamu hilo. Ndilo la zamu ya usiku. Baadhi yetu, tulionuniana na mama mkwe tangu Pasaka, tulizima televisheni tukampigia simu.