Mtoto wa mbwa anachafua nyumba? Fimbo haitamfundisha

Kwa wafugaji wa Gitting na maeneo mengine ya Hanang na Mbulu, mbwa ni mlinzi. Usiku ndiye wa kwanza kumnusa fisi anayelizunguka zizi, na mchana hufuatana na mchungaji. Lakini mlinzi huyo huanza akiwa mtoto wa miezi miwili, anayekojoa jikoni, kuacha kinyesi barazani na kulia usiku kucha. Wengi humwita mkaidi, wakamchapa au kumsugua pua kwenye uchafu wake. Hapa tunaeleza kwa nini njia hiyo haisaidii, na ipi inayosaidia.

Kwa nini fimbo inashindwa

Mbwa huunganisha anachofanya na kile kinachofuata ndani ya sekunde chache. Ukimchapa asubuhi kwa uchafu wa usiku, hajui anaadhibiwa kwa lipi. Anachojifunza ni kwamba ukimkaribia ataumia. Ataendelea kujisaidia ndani, ila sasa atajificha nyuma ya magunia. Akiinamisha kichwa ukimkaripia, usidhani anakiri kosa, anaogopa.

Mfano wa mafunzo ya zawadi tunao hapa hapa nchini. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akipatia, husikia mlio mfupi na kupewa chakula papo hapo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alinusa zaidi ya mabomu 100 huko Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Kama panya anafundishika hivyo, mbwa wako hashindwi.

Kumzoesha kujisaidia nje

Chagua sehemu moja nyuma ya nyumba, mbali na jiko, maji ya kunywa na mahali watoto wanapochezea. Mpeleke hapo kila anapoamka, kila baada ya kula, kila baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Kwa makadirio, mbwa wa miezi miwili hujizuia saa mbili hadi tatu, na wa miezi mitatu saa tatu hadi nne. Kwa hiyo anayechafua ndani usiku huenda ameshindwa tu kujizuia. Wiki za mwanzo, mtu mmoja aamke mara moja au mbili kumtoa.

Mkifika pale, tumia neno moja, kwa mfano "nje". Familia nzima itumie neno hilo hilo; baba akisema hivi na watoto vile, mbwa atachanganyikiwa. Akimaliza tu, msifu na mpe dagaa mmoja au kipande kidogo cha ugali. Usingoje mpaka mrudi ndani, maana atadhani zawadi ni ya kurudi.

Ukimkuta anaanza kukojoa ndani, piga makofi mara moja kumshtua, mbebe haraka umtoe nje, na akimalizia huko mpe zawadi. Ukikuta ameshamaliza, safisha tu. Mwaga majivu yanyonye mkojo, zoa, kisha osha kwa maji na sabuni. Harufu ikibaki, itamrudisha pale pale.

Kibanda cha kulala

Mama wa mbwa huwasafisha watoto wake kwa kuwalamba, na kuanzia kama wiki ya tatu watoto wenyewe huanza kusogea mbali na malazi wakitaka kujisaidia. Kwa asili mbwa hapendi kuchafua anapolala, na kibanda hutumia tabia hiyo.

Kasha la mbao lenye nafasi za kupitisha hewa linatosha. Liwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Likiwa kubwa mno, atalala kona moja na kukojoa nyingine. Chini ya Mlima Hanang usiku ni wa baridi, hivyo tandika gunia safi na majani makavu ya ngano, na weka kibanda mahali pasipo upepo.

Siku za kwanza mlishe ndani yake mlango ukiwa wazi. Kisha ufunge kwa dakika chache ukiwa karibu, na uongeze muda polepole. Akilia, kwanza jiulize kama anataka kutoka kujisaidia. Kama alitoka muda si mrefu, subiri anyamaze kidogo ndipo ufungue. Ukifungua katikati ya kelele, umemfundisha kupiga kelele. Usimfungie humo kama adhabu, wala kutwa nzima.

Wengi hujua kanuni hizi ndani ya wiki chache, lakini wengine huendelea kuteleza hadi miezi sita.

Afya ya familia

Watoto wengi wa mbwa huzaliwa na minyoo waliyoipata kwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, na baada ya kukaa kwenye udongo wiki mbili au zaidi huweza kumwambukiza mtoto anayechezea hapo. Ndiyo maana kinyesi kinatakiwa kuzolewa kila siku na kufukiwa au kutupwa chooni. Afisa mifugo wa kata atakueleza dawa ya minyoo na kiasi chake.

Mbwa aliyezoea kushikwa na kuingia kibandani bila woga ni rahisi pia kumpeleka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Mpeleke akifikisha miezi mitatu, na urudie kama mtaalamu atakavyoelekeza. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Mwisho, mbwa aliyekwisha kuzoea kutoka nje akianza ghafla kuchafua ndani, kuharisha au kutoa damu, usimlaumu. Huyo anaumwa, mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo.