Maiki Nzima, Kompyuta Haisikii

Muziki wa Arusha haukungoja studio za Dar es Salaam. Kundi la X Plastaz lilianza mjini humo katikati ya miaka ya 1990, likachanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, na mwaka 2004 albamu yake ya Maasai Hip Hop ikatolewa na lebo ya Ujerumani. Nyuma yao wakaja Nako 2 Nako, kisha Joh Makini na wenzake wa kundi la Weusi. Kule Imbaseni, chini ya Mlima Meru, kituo cha jamii cha UAACC cha Pete na Charlotte O'Neal nacho kimekuwa na studio ya kurekodia.

Siku hizi studio imeingia chumbani. Laptopu, maiki moja, hedifoni na programu kama FL Studio, Reaper au Audacity isiyo na malipo vinatosha kuanzia kazi. Shida hujitokeza pale biti inapopiga, mwimbaji anatoa yote aliyonayo, na kwenye skrini mstari wa sauti umenyooka kama uzi. Wengi huamua kwamba maiki imekufa, wakaenda dukani kununua nyingine. Mara nyingi maiki ya kwanza ilikuwa nzima.

Sauti husafiri: hutoka kwenye maiki, hupita kwenye waya, huingia kadi ya sauti, hupokelewa na mfumo wa kompyuta, ndipo ifike kwenye programu ya kurekodia. Inaweza kukwama popote njiani. Prodyuza mzoefu huifuata njia hiyo tangu mwanzo, akibadilisha kitu kimoja tu kila mara na kusikiliza kabla ya kugusa kingine. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hata tatizo likiisha, hajui kilicholimaliza.

Kituo cha kwanza ni tundu. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja dogo linalobeba hedifoni na maiki kwa pamoja, na plagi yake ina pete tatu zinazotenganisha sehemu nne za chuma. Maiki yenye plagi ya pete mbili ikichomekwa hapo, kompyuta huweza kuidhania hedifoni, ikaendelea kusikiliza kwa maiki yake ya ndani. Sauti inaingia, ila ni ya mbali na imejaa mvumo wa feni. Kipimo chake ni rahisi: gonga maiki taratibu kwa ukucha, halafu gonga fremu ya laptopu karibu na kamera. Mshale wa sauti ukiruka zaidi kwenye fremu, kompyuta haijaanza kuitumia ile maiki ya nje. Waya wa kugawa maiki na hedifoni, au kadi ndogo ya sauti ya USB, humaliza jambo hilo.

Maiki za kondensa zenye plagi nene ya pini tatu zina sharti lake: zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Kitufe cha 48V kikiwa kimezimwa, maiki hukaa kimya. Maiki za kawaida za jukwaani hazihitaji umeme huo.

Vifaa vikiwa sawa, mfumo wenyewe huweza kufunga mlango. Katika Windows 10 na 11, sehemu ya faragha ya mipangilio ina ruhusa ya maikrofoni, na ikizimwa programu hupokea ukimya mtupu. Baada ya ruhusa, sharti maiki sahihi ichaguliwe kwenye mipangilio ya sauti, kisha ichaguliwe tena ndani ya programu. FL Studio kwenye Windows huhitaji draiva ya ASIO ili irekodi sauti ya nje, na huja na ya kwake. Hata hapo, njia ya kurekodia katika mikisa lazima ipewe ingizo lake. Sauti ikisikika sikio moja tu, kawaida ni kwamba maiki ya njia moja inarekodiwa kama stereo. Kuchagua mono hurekebisha.

Wapo ambao sauti yao inaingia, ila inakwaruza. Hilo ni suala la kiwango. Katika uimbaji wa Kimaasai, olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, hutangulia peke yake, kisha kundi zima humjibu kwa sauti nzito. Kiwango kikipimwa kwa sauti ya olaranyani tu, kiitikio hugonga sifuri ya desibeli na kupasuka, na mpasuko huo ni vigumu kuufuta. Kipimwe kwa sehemu yenye kelele kuliko zote, vilele vikiishia kati ya desibeli −12 na −6.

Mwimbaji akijisikia kwa kuchelewa, tatizo huwa kwenye bafa, yaani fungu la sampuli ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata. Bafa ya sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde huongeza takriban milisekunde 23. Ya 128 huongeza kama 3. Ndogo ndiyo ya kurekodia. Kompyuta ikianza kukatakata sauti, bafa iongezwe kidogo kidogo.

Mngurumo mzito usiokoma nao mara nyingi hutoka kwenye umeme, ambao Tanzania ni wa hezi 50. Chomoa chaja, rekodi kwa betri. Mngurumo ukikoma, kosa liko kwenye chaja au soketi isiyo na waya wa ardhi, na nyimbo zinaweza kurekodiwa kwa betri wakati fundi wa umeme anatafutwa. Mvua ya masika juu ya bati, kati ya Machi na Mei, haina kitufe cha kuizima. Vokali hupangiwa saa zisizo na mvua.

Yote yakishindikana, maiki ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kununua mpya. Anayeomba msaada amtumie fundi sekunde 10 za rekodi yenye kasoro, kama faili la WAV na si ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa ujumbe wa sauti hubana sauti na kuficha kasoro inayotafutwa.