Kuvuka bahari kutazama ndovu

Katika fikira za Wakenya wengi, mtalii ana sura moja tu: Mzungu aliyevaa kaptura, kofia pana kichwani na kamera kifuani, akichungulia kutoka katika gari lililoinuliwa paa. Sisi wenyewe hatumo katika picha hiyo, isipokuwa kama dereva, mpishi, mcheza ngoma au mtoto anayepunga mkono kando ya barabara. Fikira hizi zimekita mizizi hata katika insha za wanafunzi wetu. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili anwani "Utalii" naye atakujazia kurasa mbili kuhusu fedha za kigeni na nafasi za kazi. Kwamba yeye mwenyewe aweza kusafiri ili aone, aulize na alinganishe, hilo halimjii kabisa.

Ndiyo maana walimu wenzangu walistaajabu niliposema kwamba likizo yangu ya Agosti 2023 ningeitumia kuzuru Sri Lanka, peke yangu, na kwamba haja yangu kubwa ilikuwa kutazama ndovu. Mmoja aliniuliza kama nauli ya matatu hadi Voi ilikuwa imenishinda. Swali hilo nililisikia tena na tena huko nilikokwenda. Dereva wa tuktuk mjini Colombo, mwuza matunda mjini Kandy na karani wa nyumba ya wageni, wote walitaka kujua kwa nini mtu atoke Afrika, kwenye ndovu wakubwa kuliko wote duniani, aje kuwatazama wao wadogo.

Jibu langu ni hesabu ambayo mwalimu yeyote aweza kuiandika ubaoni. Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon hadi 1972, ina eneo la kilomita mraba 65,610 hivi. Kenya ni kubwa kuliko kisiwa hicho karibu mara tisa. Katika eneo hilo dogo wanaishi watu wapatao milioni 22, na hesabu ya mwaka wa 2011 ilionyesha kuwa walikuwako ndovu 5,879. Hesabu yetu ya 2021 ilipata ndovu 36,280. Wanafunzi wakigawanya idadi ya ndovu kwa ukubwa wa nchi, watagundua kwamba Sri Lanka ina ndovu wengi zaidi kwa kila kilomita mraba kuliko Kenya, na juu ya hayo watu wake wamebanana zaidi yetu. Je, watu na ndovu hao huishije pamoja? Swali hilo ndilo lililonivusha bahari.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Mwanamke Mwafrika anayetembea peke yake na mkoba mgongoni katika miji ya Sri Lanka hujua vyema maana ya msemo huo. Hata hivyo, sikukaa mgeni kwa muda mrefu. Vijana waliniita "akka", yaani dada mkubwa, neno linalotumika katika Kisinhala na Kitamil pia, na wazee waliniita "duwa", yaani binti. Nilijihisi kama niko Lamu au Kakamega, ambako mtu hawezi kumwuliza mwenzake njia kabla ya kumpa udugu. Waliuliza pia mume wangu yuko wapi. Hilo nalo si geni.

Kituo changu cha kwanza cha haja kilikuwa Sigiriya, jabali linalosimama peke yake katika nchi tambarare, lenye kimo cha karibu mita 200. Mfalme Kashyapa, aliyetawala kuanzia 477 hadi 495, alijenga kasri juu yake, na hadi leo mgeni hupita katikati ya kucha kubwa za simba zilizojengwa kwa matofali kabla ya kupanda ngazi za mwisho. Jina lenyewe maana yake ni Jabali la Simba. Simba yumo pia katika bendera ya taifa hilo, ilhali hakuna simba anayeishi porini kisiwani humo. Mnyama mkubwa mla nyama huko ni chui. (Katika Kisanskriti simba huitwa "simha". Mfanano huo na neno letu nawaachia wanaisimu.)

Kilichonishika zaidi hapo ni ukuta mmoja, ambao zamani ulisuguliwa ukang'aa hata ukaitwa Ukuta wa Kioo. Wageni waliopanda jabali hilo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita waliandika mashairi mafupi juu yake, wengi wakiwasifu wanawake waliochorwa mwambani. Mtaalamu Senarat Paranavitana aliyasoma na kuyachapisha mashairi 685 mwaka wa 1956. Kwa hivyo utalii haukuanzishwa na Mzungu mwenye kamera. Hawa walikuwa watu wa nchi yenyewe, waliokwenda kutazama kitu kizuri cha kwao na kukitolea maoni kwa lugha yao.

Mjini Kandy, katika Hekalu la Jino Takatifu la Buddha, nilimwona Raja. Huyu alikuwa ndovu dume mwenye pembe ndefu, aliyebeba kasha takatifu katika maandamano ya Esala kwa miaka mingi. Alikufa mwaka wa 1988, na mwili wake umehifadhiwa katika jumba dogo la makumbusho hapo hekaluni. Watu huja kumtazama kwa heshima, wengine wamevua viatu. Nilimkumbuka Ahmed wetu wa Marsabit, aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka wa 1970, akafa mwaka wa 1974, na ambaye sanamu yake imesimama katika uwanja wa makumbusho ya taifa jijini Nairobi. Mataifa mawili yaliwatukuza ndovu wawili katika karne moja. Lakini Ahmed alikuwa mnyama wa porini, akilindwa dhidi ya bunduki. Raja aliishi miongoni mwa watu na akafanya kazi yao. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa Asia ya Kusini imefuga ndovu kwa maelfu ya miaka, nasi hatukuwa na desturi hiyo.

Ufugaji huo una sura yake chungu. Katika kituo kimoja cha watalii, ambacho jina lake nitalihifadhi, niliona ndovu jike akibebeshwa watu wanne kwa zamu tangu asubuhi, mguu wake una kovu la mnyororo. Niliambiwa zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Nilikataa, na fedha yangu haikurudi. Kwa upande mwingine, huko Udawalawe, kusini mwa nchi, idara ya wanyamapori ina makao ya ndovu yatima yaliyoanzishwa mwaka wa 1995. Watoto wa ndovu hunyweshwa maziwa kila baada ya saa chache, nao wageni huketi mbali kwenye jukwaa na hawaruhusiwi kuwagusa. Wakikua hurudishwa msituni. Anayejua kazi ya kuwalea ndovu yatima inayofanywa Nairobi, na jinsi wanavyopelekwa Tsavo baadaye, ataona kwamba nchi hizi mbili zimefikia wazo moja.

Sasa niingie Minneriya. Bwawa hili lilichimbwa kwa amri ya Mfalme Mahasena katika karne ya tatu, kwa ajili ya kumwagilia mpunga, na bado linafanya kazi hiyo. Kiangazi kinapoingia, maji hupungua na nyasi changa huota mahali yalipokuwa. Ndovu wa wilaya nzima hukusanyika hapo kula. Tulifika saa kumi alasiri. Mwanzoni niliona madoa meusi tu ng'ambo ya maji, kisha msitu ukafunguka wakatoka kwa familia, majike wazee mbele, watoto wakikimbia chini ya matumbo ya mama zao. Nilihesabu hadi 63 nikaacha. Masikio yao ni madogo kuliko ya ndovu wetu, mgongo umebinuka juu, na ncha ya mkonga ina kidole kimoja ambapo wa Afrika ana viwili. Madume wengi hawana pembe kabisa, na wenye nazo ni wachache kiasi kwamba Kisinhala kina jina jingine kwa ajili yao: ndovu wa kawaida ni "aliya", mwenye pembe ni "etha". Korongo walisimama kati ya miguu yao kama wachungaji. Hakuna aliyetushughulikia.

Hata hapo hapakosi shaka. Tangu bwawa kubwa la Moragahakanda lilipofunguliwa mwaka wa 2018, maji yake hupitishwa Minneriya wakati wa kiangazi pia, na wahifadhi wamelalamika kwamba nyasi huzama na ndovu hupungua. Mkulima anahitaji maji hayo. Ndovu anahitaji yasiwepo.

Dereva wangu, mwenyeji wa Habarana, aliona jinsi nilivyouliza maswali akasema kwamba kama nataka majibu nisiyatafute ndani ya mbuga. Jioni iliyofuata alinipeleka kwa mzee mmoja, mkulima wa mpunga na mahindi. Mzee alikuwa na kibanda juu ya mti, kama dungu zetu za kuwingia ndege, nacho alikilalia kila usiku mazao yanapokaribia kukomaa. Kando yake palikuwa na tochi na fataki ambazo idara ya wanyamapori huwagawia wakulima wawatishie ndovu. Alinionyesha ukuta wa jikoni uliobomolewa na ndovu aliyenusa gunia la mpunga. Dereva alinitafsiria maneno yake: wewe, duwa, umelipa ili umwone, na mimi ninalipa ili nisimwone.

Yasidhaniwe kuwa maneno ya mlalamishi mmoja. Mwaka wa 2019 zaidi ya ndovu 400 walikufa nchini humo, wengi kwa mikono ya watu, na zaidi ya watu 120 waliuawa na ndovu. Mwaka wa 2023, mwaka huo niliokuwa huko, ndovu waliokufa walizidi tena 400, na watu walizidi 150. Wakulima hawatafuti pembe, maana nyingi hazipo. Hupiga risasi, huunganisha waya na umeme wa nyumbani, na wengine huficha baruti ndani ya matunda ili imlipukie mnyama kinywani. Nilipoelezwa hilo la mwisho, chakula cha usiku hakikunipita kooni.

Kwa muda mrefu dawa iliyotegemewa ilikuwa kuwaswaga ndovu hadi ndani ya mbuga na kuwafungia kwa ua wa umeme. Dawa hii imeshindwa kwa sababu iliyo wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba ndovu wamo katika karibu asilimia 60 ya nchi, na kwamba karibu asilimia 70 ya eneo hilo lina watu pia. Mbuga haziwatoshi. Tena nyua nyingi zilijengwa kufuata mipaka ya idara za serikali, ardhi ya misitu upande mmoja na ya wanyamapori upande wa pili, hata ndovu wakawa pande zote mbili za ua. Ndovu hasomi ramani ya serikali.

Siku hizi watafiti wa huko wanahimiza jambo jingine: kuzungushia ua kijiji badala ya mnyama. Wanakijiji wenyewe huujenga na kuutunza. Mashamba ya mpunga nayo huwekewa ua wa muda, unaosimamishwa mbegu zinapopandwa na kung'olewa baada ya mavuno, ili ndovu waingie kula mabua yaliyobaki. Shamba huwa la mkulima kwa msimu mmoja na la ndovu kwa msimu mwingine. Mzee wa Habarana alikuwa amelisikia jambo hilo na hakulikataa, ila alitaka kujua betri ikiibwa nani atainunua. Hilo ndilo swali ambalo maofisa hawapendi kuulizwa, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Nililibeba swali la mzee hadi nyumbani. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa jamaa ya aliyeuawa na mnyama wa porini. Kiasi hicho kinapendeza kwenye karatasi. Wajane wa Taita Taveta na Laikipia wanajua miaka ambayo madai yamelala ofisini. Wakati huohuo, huko Sagalla, kando ya Tsavo Mashariki, wakulima wamekuwa wakitundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia. Si dawa kamili, kwani ukame ukija nyuki huhama, lakini mkulima hupata asali mahali alipokuwa akipata hasara tu. Mizinga ya namna hiyo imejaribiwa Sri Lanka pia.

Ni wanafunzi wangapi wa Kenya wanaoyajua haya? Ziara za shule, pale zinapowezekana, huishia katika lango la mbuga: basi huingia, simba hutafutwa, picha hupigwa, basi hutoka. Mwanafunzi hurudi na orodha ya wanyama. Hajazungumza na mtu yeyote anayelala dunguni.

Mnamo Februari 2025, nikiwa nimekwisharejea kazini, nilisoma kwamba gari la moshi la abiria liligonga kundi la ndovu usiku karibu na Habarana na kuua wasiopungua sita. Reli yetu mpya, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, nayo inakata Tsavo, juu ya tuta lenye mapito ya ndovu chini yake. Abiria aliye dirishani huwaona, wekundu kwa udongo wa huko. Voi kuna stesheni, na kutoka hapo hadi mashamba ya Sagalla si mbali. Mwalimu anayepanga ziara ya muhula ujao angeweza kuanza huko, asubuhi, na mbuga ikangoja hadi alasiri.