Mwambie Baba Asimamishe Gari

Miaka michache iliyopita nilisaini mkataba wa kazi Mwanza kabla sijamwambia mke wangu. Nilidhani namfanyia sapraizi. Wiki nzima chai yangu ikawa inaletwa na mtoto.

Ndiyo maana Jimmy Carter alipofariki tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100, wenzangu walimzungumzia rais mstaafu wa Marekani. Mimi nilimfikiria yule mwanajeshi wa majini aliyenuniwa na mkewe.

Alimwoa Rosalynn Julai 1946, wiki chache baada ya kuhitimu chuo cha wanamaji cha Annapolis. Posa ya kwanza binti aliikataa. Alikuwa amemwahidi marehemu baba yake kwamba atamaliza masomo. Maisha yao yakawa ya kuhamahama. Mtoto wa kwanza alizaliwa Virginia, wa pili Hawaii, wa tatu Connecticut. Bwana akiwa baharini kwenye nyambizi, mama ndiye analipa bili, analea, anaamua. Na aliyapenda maisha hayo, bwana! Alikuwa mbali na Plains, mji wao mdogo kule Georgia, mbali na mama yake na mama mkwe wake.

Kazini Carter alikuwa makini kupita kiasi. Desemba 1952 alipelekwa na wenzake Chalk River, Kanada, kusaidia kuufungua mtambo wa nyuklia ulioharibika. Kwa sababu ya mionzi, kila mmoja alikuwa na kama dakika moja na nusu tu mle ndani. Basi wakajenga mfano wa mtambo ule kwenye uwanja wa tenisi, wakafanya mazoezi ndipo wakashuka.

Kwa mkewe hakufanya mazoezi yoyote. Julai 1953 baba yake alifariki, na Carter akaamua peke yake kuacha jeshi, arudi Plains kuendesha biashara ya familia. Rosalynn alibisha, akalia, akapiga kelele. Haikusaidia. Safari ya kurudi kwa gari hakusema naye. Akitaka kwenda msalani anamwambia Jack, mtoto wao wa miaka 6: mwambie baba yako asimamishe gari. Niliposoma hapo niliona aibu, maana nilikumbuka ile chai.

Usidhani alijifunza papo hapo. Oktoba 1962, siku aliyotimiza miaka 38, alivaa suruali ya Jumapili asubuhi ya siku ya kazi. Mkewe akamuuliza kama anakwenda msibani. Kumbe anakwenda kutangaza kwamba anagombea useneta wa jimbo! Hata hilo hakumshirikisha, na uzeeni yeye mwenyewe alilishangaa.

Kilichowabadilisha, nadhani, ni hesabu. Rosalynn alishika vitabu vya ghala la karanga, na punde mume akawa hawezi kuamua jambo la biashara bila kumuuliza. Walipofika Ikulu mwaka 1977 mama alikuwa anakaa hadi kwenye vikao vya baraza la mawaziri. Mwaka 1988 walikuja pamoja na familia kupanda Kilimanjaro. Ugomvi haukuisha, kitabu walichoandika pamoja kilitoka 1987 baada ya kugombana sana, hadi aya zikawekewa alama ya nani kaandika nini.

Rosalynn alitangulia, Novemba 2023. Kwenye ibada kule Atlanta, mzee akiwa amelala kwenye kiti cha magurudumu, binti yao Amy alisoma barua ya mapenzi ambayo baba yake alimwandikia mama miaka 75 nyuma, enzi za jeshini.

Januari 2025 naye akazikwa ubavuni kwa mkewe. Ni nyumbani kwao, Plains, mji ule ule ambao mama aliulilia asirudi.

Mkataba wangu wa pili tuliusoma wawili, mezani. Mke wangu aliukataa.