Taa ya Onyo Inayowaka na Kuzima: Mwenye Pikapu Afanye Nini?

Katika Ruiru, pikapu ni gari la kazi. Alfajiri hupeleka mboga sokoni, mchana hubeba mawe ya Ndarugu hadi kwenye ploti za Kamakis na Mwihoko, na jioni hurudi na chakula cha mifugo. Ndiyo maana taa ya onyo inapowaka kwenye dashibodi na kuzima baada ya dakika chache, madereva wengi huendelea na kazi wakiamini kwamba tatizo limekwisha.

Taa ikizima haina maana kwamba gari limepona. Mara nyingi ni waya uliogusa tena mahali pake, au mafuta ya breki yaliyorudi kufunika sensa baada ya gari kutoka kwenye kona. Hitilafu ya aina hii ni ngumu kuipata kwa sababu gari likifika gereji huwa halionyeshi lolote. Hapo ndipo wenye magari hupoteza pesa kwa kubadilisha vipuri vizima mmoja baada ya mwingine. Anayeepuka hasara hiyo ni yule anayejua taa iliwaka wakati gani.

Rangi ya taa

Taa nyekundu humtaka dereva asimame mara tu anapopata mahali salama. Hizi ni taa za presha ya oili, breki, joto la injini na chaji ya betri. Kwenye Barabara Kuu ya Thika, dereva atoe gari nje kabisa ya njia ya magari, awashe taa za dharura na kuweka pembetatu za onyo. Taa ya manjano, kama ile ya injini au ya breki za ABS, humruhusu kuendelea kwa uangalifu hadi gereji, lakini ikiwa taa ya injini inametameta na injini inatetemeka, asiendelee. Taa za kijani na buluu kwa kawaida hutoa taarifa tu.

Taa nyekundu ya breki na ya ABS zikiwaka kwa pamoja, pikapu isibebe mzigo wala abiria hadi ikaguliwe. Huenda mfumo unaogawanya nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma haufanyi kazi.

Jaribio la ufunguo

Zungusha ufunguo hadi dashibodi iwake, bila kupiga starta. Taa kuu za onyo zinapaswa kuwaka zote, kisha kuzima ndani ya sekunde chache au injini inapoanza kunguruma. Taa ambayo haiwaki kabisa katika jaribio hili huenda imeungua, au mtu ameikata makusudi ili kuficha hitilafu. Anayenunua pikapu iliyotumika asilipe kabla ya kufanya jaribio hili.

Taa iliwaka lini?

Weka daftari au tumia simu. Kila mara taa inapowaka, andika saa, hali ya hewa, mwendo wa gari, uzito wa mzigo, na kama injini ilikuwa baridi au moto. Baada ya siku chache mpangilio huanza kuonekana:

- Taa ya breki huwaka kwenye kona, mteremkoni au gari linapofunga breki: mafuta ya breki yamepungua. Usiongeze tu na kuondoka. Huenda pedi zimeisha au mafuta yanavuja.
- Taa ya oili huwaka injini ikiwa moto na gari limesimama, kisha huzima ukikanyaga mafuta: zima injini na uangalie kiwango cha oili kwa kijiti. Kiwango kikiwa sawa, fundi apime presha kwa geji. Asiseme ni sensa kabla ya kupima.
- Taa ya betri huwaka wakati wa mvua, au taa kubwa na feni zikiwashwa: mkanda unaoendesha alteneta umelegea na kuteleza, au alteneta yenyewe imechoka.
- Taa ya ABS huwaka baada ya kupita kwenye matope: kagua sensa za magurudumu na nyaya zake. Udongo mweusi ukikauka huganda juu ya sensa na kuvuta nyaya.
- Taa ya maji kwenye dizeli huwaka na kurudi: filta ina maji. Hutolewa kwa kufungua kifuniko kidogo chini ya filta. Ikirudi upesi, chunguza mahali unaponunua dizeli, hasa kama ni ya mitungi.
- Taa kadhaa huwaka kwa pamoja kwenye matuta, kisha zote huzima: si rahisi vipuri vitano vife kwa dakika moja. Tafuta waya uliolegea au umeme usiotosha.
- Taa huwaka siku moja baada ya injini kuoshwa kwa mashine ya presha: maji yameingia kwenye soketi za nyaya.

Betri na nyaya kabla ya vipuri

Ukaguzi wa kwanza haugharimu sana. Zima injini, kisha shika vichwa vya betri na ujaribu kuvizungusha kwa mkono. Vikicheza, vikazwe. Vikiwa na ungaunga mweupe au wa kijani, visafishwe. Fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwa sababu kutu mahali hapo huleta vituko kwenye dashibodi nzima. Kagua pia nyaya zinazopita chini ya gari na karibu na chesisi, ambako mawe huzikwaruza, na zile zilizotafunwa na panya.

Kwa mita ya volti, betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban 12.6. Injini ikiwaka, magari mengi huonyesha kati ya 13.5 na 14.7. Pima tena taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa. Kipimo kikishuka na kukaribia 12, alteneta au mkanda wake ukaguliwe kwanza.

Kompyuta ya gari hukumbuka

Pikapu nyingi za miaka ya karibuni zina soketi ya matundu 16 chini ya usukani. Fundi akiunganisha mashine ya dayagnosisi hapo, anaweza kusoma kodi ya hitilafu hata kama taa imezima, na mara nyingi huona pia mwendo na joto la injini wakati hitilafu ilipotokea. Kodi zinazoanza na herufi P ni za injini na gia, C ni za breki na chesisi, B ni za bodi, na U ni za mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Mashine ndogo za bei nafuu husoma injini pekee. Kwa taa ya ABS, uliza kwanza kama mashine ya fundi inasoma breki.

Kodi huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Kodi ya sensa inaweza kuletwa na waya uliokatika kabla ya kufika kwenye sensa hiyo. Kwa hivyo, mwenye gari aombe mambo matatu gereji, iwe ya kampuni au ya Jua Kali: kodi ziandikwe kabla ya kufutwa, nyaya na soketi zitikiswe injini ikiwa inanguruma ili kuona kama taa itawaka, na kipuri kipimwe kabla ya kubadilishwa. Kufuta kodi bila kutengeneza hitilafu huzima taa kwa muda tu, na hupoteza ushahidi ambao fundi anauhitaji.

Kabla ya ukaguzi

Magari ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Hata hivyo, taa ya breki isisubiri siku ya ukaguzi. Pikapu iliyobeba mawe huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko ikiwa tupu, na watu wanaovuka barabara hawajui kwamba taa ya breki iliwaka asubuhi kisha ikazima.