TAARIFA KWA WANANCHI: CHEMBE ZISIZOONEKANA KATIKA MOSHI WA JIKONI

Wananchi wanaarifiwa kwamba moshi wa kuni unadhuru hata pale usipoonekana kwa macho. Maelezo yafuatayo yanabainisha namna wataalamu wanavyoitumia kompyuta kulichunguza jambo hilo.

Tutazame jiko la mafiga matatu, kama yale ya Mbwawa huko Kibaha, Mkoa wa Pwani, au ya mashamba ya Unguja na Pemba. Kuni ziunguapo bila ya hewa ya kutosha hutoa masizi na mvuke. Mvuke huo ukutanapo na hewa baridi hupoa ghafla, na humo huzaliwa chembe nyingine ndogo mno, zenye upana wa nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una nanomita 80,000 hivi. Baadaye chembe hizo hugongana, hugandamana na kukua. Zilizo ndogo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Ugumu wa hesabu umo katika msukosuko wa moshi. Moshi haupandi kwa utulivu, bali hufanya mizunguko mikubwa na midogo. Mahali pamoja huwa pa moto, na jirani yake pa baridi. Kwa kuwa chembe huzaliwa kwa wingi pale tu mvuke unapopoa vya kutosha, kuchukua wastani wa moshi wote huleta jawabu la makosa.

Kwa hivyo kompyuta huigawa nafasi ya moshi katika vijisehemu vingi. Katika kila kimoja hukokotoa mwendo wa hewa kwa kanuni za Navier na Stokes za karne ya 19, na kugandamana kwa chembe kwa kanuni ya Smoluchowski ya mwaka 1916. Mizunguko iliyo midogo kabisa kwa kawaida hukadiriwa, na majawabu hulinganishwa na vipimo vya maabara.

Jambo hili si la vitabuni tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Kwa hiyo wananchi mnaombwa kuzingatia haya: kuni zikaushwe vyema, jiko lipate hewa na madirisha yawe wazi, watoto wachanga wasiwekwe jikoni, na mwenye uwezo atumie gesi au umeme. Moshi mwepesi usidhaniwe kuwa ni salama.